MJADALA: Star Trek ikijichanganya, waandishi watunge maelezo au wakaushe tu?

Wakuu, nimeanza kuirudia Star Trek, ile siriz ya TV ya safari za anga za juu, kuanzia ile ya 1966, na kila nikifika mahali siriz imejichanganya swali ni lilelile, hivi waandishi waliokuja baadae walikuwa na haja gani ya kutunga visababu vya kufukia mashimo ya wenzao? Mimi nasema wangekausha.

Chukua Klingon, lile kabila la wapiganaji wa sayari nyingine. Mwaka 1967 walikuwa watu wa kawaida kabisa, ndevu na rangi ya kahawia usoni basi, bajeti ya mekapu ilikuwa hiyo. Filamu ya 1979 ikaja na hela, ghafla wana matuta kwenye paji la uso na hakuna aliyeeleza kitu, tukazoea. Sasa 1996 Deep Space Nine, siriz nyingine ya Star Trek, wakawarudisha watu wao nyuma mpaka ndani ya episodi ya 1967, picha mpya zimeunganishwa na za zamani, Worf, Klingon aliye kwenye kundi lao, yupo mezani na matuta yake, wenzake wanawaangalia wale Klingon wenye paji laini halafu wanamgeukia yeye. Mmoja anauliza ni mambo ya kuchezea vinasaba? Mwingine anadakia, au ni kirusi? Worf kakaza uso anawaambia hayo hatuyaongelei na watu wa nje. Basi, imeisha hiyo! Nilicheka mpaka nikasimamisha video.

Halafu 2005 Enterprise, siriz nyingine tena, wakachukua episodi mbili nzima kueleza, na jibu lenyewe ni yale makisio mawili yamebandikwa pamoja, walichezea vinasaba kikazuka kirusi. Utani mtamu umegeuzwa kipindi cha baiolojia. Mbona kaburi la Kirk, kapteni wa ile ya 1966, wameliacha? Mwaka 1966 rafiki yake aliyemgeuka, Gary Mitchell, anamchongea jiwe limeandikwa James R. Kirk, baadae kapteni ni James T. mpaka leo, na hakuna aliyekufa.

———

Mkuu mleta mada unatunyima raha. Nusu ya utamu wa kuwa shabiki ni huko kufukua. Si unalijua la Khan, yule adui wa Kirk? Kwenye filamu ya 1982 anamuona Chekov, ofisa wa meli ya Kirk, anamwambia sura yako naikumbuka, wakati episodi ya Khan ilirushwa Februari 1967 na Chekov alianza kuonekana Septemba mwaka huohuo. Watu wakacheka miaka na miaka. Sasa nenda kaangalie tarehe za nyota zinazotajwa ndani ya hadithi, ya Khan ni 3141.9, na ile episodi ya Catspaw ambayo Chekov yumo ni 3018.2. Yaani kwa kalenda yao Chekov alikuwa melini kabla Khan hajafika, ila sisi tu hatukuonyeshwa. Walter Koenig aliyemcheza alikuwa na lake, eti Chekov alikaa chooni muda mrefu Khan akimsubiri nje, ndo maana hakumsahau 😂

———

Hayo yote madogo, tatizo ni Voyager, siriz nyingine ya Star Trek. Meli imepotea miaka 75 ya safari kutoka nyumbani, mwaka 1995 mwanzoni kabisa tunaambiwa zimebaki topido (makombora ya meli) 38 na kapteni mwenyewe anasema zikiisha hakuna za kujazia. Nikakaa vizuri kwenye kiti, nikajua sasa kila ikifyatuliwa moja roho itaniuma. Wapi! Zinafyatuliwa kama njugu, mashabiki waliohesabu wakakuta wamevuka 38 kwa mbali. Paji la uso ni mekapu, halibadilishi hadithi. Ila topido ndo hofu yenyewe ya hadithi, ukiitoa unaniambia nini?

———

Mleta mada nimerudi. La topido nakupa mkuu, sikuwa nimeliangalia hivyo, ile 38 hawakulazimishwa na bajeti, waliitaja kwa midomo yao. Hata hivyo nisingetaka episodi nzima ya kuitetea, fundi mmoja aseme tumepata namna ya kutengeneza nyingine tuendelee. La Khan sawa ni tamu, lakini aliyelifukua ni shabiki sio mwandishi, kwa hiyo umenisaidia hoja yangu bila kujua. Kwa Klingon nabaki palepale.

Ila aliyehesabu zile topido atuambie anahesabuje, maana kuna wakati zinatoka mbili mbili au meli inaonyeshwa kwa mbali, nataka nirudie mwenyewe kuanzia sizoni ya kwanza na karatasi mkononi.