Umra na watoto wawili kutoka Amu (Lamu): nianze na lipi?

Mkeka_wa_Shela: Assalaam aleikum wanabaraza. Nakwenda Umra na wanangu, mkubwa ana miaka minne na mdogo miezi minane. Safari ni wiki saba kutoka leo, wakala nishampa arbuni. Usingizi siupati, naogopa kurudishwa uwanjani na watoto mkononi. Chanjo zipi zatakiwa? Matusi sitaki.

Sindano_Haiumi: Wa aleikum salaam. Uti wa mgongo, ile ya ACWY, ni kwa kila aliyetimiza mwaka: wewe na mkubwa. Ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kufika. Homa ya manjano ni kwa kila aliyetimiza miezi tisa akitokea Kenya. Mdogo leo hajatimiza, lakini akitua atakuwa keshapita, kwa hiyo naye adaiwa kadi ya chanjo hiyo. Watu huteleza hapa: huhesabu umri wa leo badala ya umri wa siku ya kutua.

Kadi huanza kuhesabika siku ya 10 baada ya sindano. Na miezi tisa ndiyo zamu ya surua ya kwanza. Zote mbili ni chanjo hai, yaani zina virusi hai vilivyodhoofishwa: zichomwe siku moja, kila moja mahali pake, au zipishane wiki nne. Akichomwa surua peke yake kisha uambiwe urudi wiki mbili baadaye kwa manjano, hesabu imeharibika. Mwambie nesi kabla hajafungua chupa.

Kanzu_Nyeupe: Mtoto hajabaleghe, Umra si wajibu wake. Mwache kwa bibi yake, ufanye ibada kwa utulivu.

Mkeka_wa_Shela: Ananyonya, ndugu yangu.

Jahazi_Kavu: Mizigo je? Ndege ndogo za Manda, uwanja wetu wa Lamu, mara nyingi ni kilo 15 kwa kichwa, na nyingi hutua Wilson, uwanja mdogo wa Nairobi. Jomo Kenyatta ni safari nyengine ya gari, na foleni ya Nairobi haijui kama una mtoto. Nepi za siku mbili zikae mkobani. ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kuharisha, soma pakiti kwanza: kuna za nusu lita na za lita nzima. Ukikoroga ya lita kwenye nusu lita, chumvi yazidi na mtoto adhurika.

Karani_wa_Langoni: Mbona pasipoti za watoto huzitaji?

Mkeka_wa_Shela: Ya mkubwa iko. Ya mdogo iko njiani.

Karani_wa_Langoni: Njiani wapi? Ombi la mtoto lataka cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi na ridhaa yao. Baba katia sahihi?

Mkeka_wa_Shela: Haya. Baba yao yuko Muscat, Oman, tuliachana kabla mdogo hajazaliwa. Jina lake limo kwenye cheti. Simu zangu hapokei. Kaka yangu yuko tayari kutia sahihi mahali pa baba. Ninayewalea ni mimi, wote nimewapeleka kliniki mwenyewe, surua zao mbili wamemaliza. Kosa liko wapi?

Pweza_Mkavu: Kwa karatasi hiyo kakako atakuwa kakuoa. Astaghfirullah! Mahari mmekubaliana?

Karani_wa_Langoni: Kosa ni kughushi. Namba ya kitambulisho hufunguliwa kwenye mfumo, na jina la kakako halifanani na la kwenye cheti. Mtaumia wawili. Kenya ina ubalozi Muscat. Baba aandike ridhaa pale, aambatishe nakala ya kitambulisho chake. Akikataa, uombe amri ya Mahakama ya Watoto.

Kanzu_Nyeupe: Aende kwa kadhi.

Karani_wa_Langoni: Kadhi ana ndoa, talaka na mirathi. Ridhaa ya pasipoti si mlango wake.

Sindano_Haiumi: Ngojeni. Surua ya pili huchomwa miezi 18. Wa miezi minane hajapata hata ya kwanza. Dada, huyo mdogo yupo kweli?

Pweza_Mkavu: Nilijua! Hadithi ya kutujazia baraza.

Kanzu_Nyeupe: Kudanganya watu kwa jina la Umra ni dhambi.

Mkeka_wa_Shela: Yupo, analia hapa kiunoni. Nilisoma kitabu cha kliniki cha mkubwa, vyote viwili vina jalada moja. Cha mdogo mstari wa miezi tisa ni mtupu. Arbuni ya wakala hairudi, ndiyo maana nakazana.

Sindano_Haiumi: Mstari mtupu ni bahati yako, manjano na surua zitaingia siku moja. Lakini arbuni si hoja. Muulize wakala kama tarehe yasogezwa, wiki saba zako zinaliwa na ridhaa, si sindano.

Mkeka_wa_Shela: Nimempigia mama wa baba yao. Kasema mwanawe atakwenda ubalozini Ijumaa, siku yake ya mapumziko.

Karani_wa_Langoni: Oman wiki ya kazi ni Jumapili hadi Alhamisi. Mpigie tena mama mkwe.