Leseni ya kuwinda kulungu kwa karatasi ya njano

Mpare wa Willmar:

Ndugu zangu, salaam. Tangu Agosti nimehamia huku vijijini karibu na Willmar, Minnesota, nikitokea Houston, na jirani yangu, mzee anayelima mahindi na soya, amenialika niwinde naye kulungu msimu wa bunduki utakapofunguliwa Novemba. Juzi nilikwenda kwenye kaunta inayouza leseni za DNR, idara ya maliasili ya jimbo, nikaambiwa kwamba, kwa kuwa sina leseni ya udereva ya Minnesota, nitauziwa ya mtu wa nje ya jimbo, ambayo bei yake ni mara kadhaa ya ile ya mkazi. Leseni ya udereva niliiomba Septemba, lakini ofisi inasema jina langu halilingani na lililomo katika SAVE, mfumo wa serikali kuu wa kuhakiki hadhi ya uhamiaji, kwa sababu kwenye Green Card, yaani kadi ya ukazi wa kudumu, jina la babu limewekwa mahali pa jina la ukoo, na kwenye pasipoti halimo kabisa. Nilicho nacho mkononi ni ile karatasi ya njano tu, risiti ya maombi ya leseni ya udereva, ingawa siku 60 zinazotakiwa ili mtu ahesabiwe mkazi nimeshazipita. Je, yupo aliyewahi kukatiwa leseni ya mkazi kwa karatasi hiyo peke yake?

Mkisii wa Brooklyn Park:

Kaka, kabla ya leseni ifikirie bunduki yenyewe, maana mwenye Green Card haruhusiwi kuishika, na siku ya N-400, maombi ya uraia, utaulizwa. Mimi natoka Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na kwetu sisi tuliokua baada ya hapo, mtu mwenye bunduki porini ni askari wa wanyamapori au ni jangili. Hadi leo nikipita vijijini mwezi Novemba nikaona kulungu wametundikwa mbele ya gereji, moyo hunishtuka. Tena inaniuma, kwa sababu nyumbani mkulima ambaye shamba lake limeliwa na tembo hungoja fidia miaka na miaka, naye haruhusiwi hata kumgusa mnyama huyo.

Mama wa Rochester:

Kaka wa Brooklyn Park, tafadhali usimtishe mwenzako kwa sheria ambayo hukuisoma. Katazo la sheria ya shirikisho linawahusu walioingia kwa viza zisizo za uhamiaji, kama F-1 ya wanafunzi na H-1B ya wafanyakazi, na hata hao huondolewa katazo hilo wakiwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye Green Card anajaza Form 4473, fomu ya kununulia bunduki, dukani, anaandika namba yake ya uhamiaji na kuonyesha uthibitisho wa makazi. Jambo la kuogopa ni kuweka alama kwamba wewe ni raia wakati si raia, kwa kuwa kosa hilo ndilo linaloweza kuizika N-400 na hata kukufukuzisha nchini.

Pia hakuna aliyemuuliza alizaliwa mwaka gani. Aliyezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1979 lazima awe na cheti cha usalama wa silaha, au achukue kibali cha mwanafunzi kinachomruhusu kuwinda akiongozana na mtu mzima mwenye leseni, na kibali hicho hutolewa mara mbili tu maishani. Mume wangu alianza hivyo. Asubuhi ya kwanza alipanda kwenye dungu kabla ya mapambazuko akiwa amevaa soksi za pamba. Zilinywa jasho lake alipokuwa akitembea, kisha akakaa kimya saa nne bila kuchezesha mguu. Aliporudi vidole vilikuwa vyeupe kama mshumaa, na ganzi ilidumu hadi Krismasi. Vaa sufu, ndugu yangu. Na huku kwetu kusini-mashariki, ambako kuna CWD, ugonjwa wa ubongo unaoua kulungu, tulimtoa kulungu sampuli na hatukuonja nyama mpaka majibu yaliporudi.

Mzee wa Tanga, Saint Cloud:

Wanangu, mimi nilikuwa jimboni humu tarehe 2 Februari 1996, siku ambayo kule Tower, mji wa kaskazini, kipimo cha baridi kilishuka hadi nyuzi 60 za Farenhaiti chini ya sifuri, karibu nyuzi 51 chini ya sifuri kwa sentigredi, na gavana akafunga shule zote. Mwana wa Upare, nyumba yako ya kijijini bila shaka inapashwa joto kwa tangi la gesi. Lijaze sasa. Mwaka mmoja langu liliisha Januari nami nimetulia, nikiamini kwamba Cold Weather Rule, kanuni ya jimbo inayowakinga watu wasikatiwe joto wakati wa baridi, inanilinda, kumbe inawahusu wenye umeme na gesi ya bomba, wala si wanaoletewa gesi kwa lori. Tulilala jikoni siku tatu, watoto katikati, na nilizikumbuka usiku kucha kuta za nyumba yetu kule Pangani, ambazo hata alfajiri huwa bado na uvuguvugu.

Kama wewe ni Mwislamu, litaje jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua, na ukimkuta mnyama angali na uhai, umchinje upesi.

Mkisii wa Brooklyn Park:

Nimesahihishwa, Mama, na ninashukuru. Lakini kuhusu CWD, jirani yangu hula bila kupima na hajaugua.

Mama wa Rochester:

Hajaugua bado. CDC, taasisi ya serikali kuu ya kudhibiti magonjwa, inashauri nyama ya mnyama aliyekutwa na CWD isiliwe. Mpime kulungu wako.

Mpare wa Willmar:

Shikamoo Mzee. Gesi nimeagiza leo, na sufu nitanunua. Mama, nilizaliwa 1986, kwa hiyo nimejiandikisha kwenye kozi.

Babu yangu, ambaye jina lake ndilo linalonizuia katika SAVE, aliwinda kwa upinde katika mbuga za Mkomazi kabla hazijafanywa pori la akiba mwaka 1951, na baada ya hapo hakuonja tena nyama ya pofu mpaka alipofariki. Nilitaka kuwapelekea wazee picha yangu nikiwa na kulungu aliyepatikana kwa leseni yenye jina lake. Jumatatu narudi kaunta na cheti cha kuzaliwa. Kuhusu karatasi ya njano, bado naomba aliyewahi kuitumia aniandikie.