Mesaji za komiti: tuandike nini, na mu luga gani?

dev_himbi (Goma)
Jambo batu ba hapa. Tuko batatu ku Goma, tunatengeneza programu ya kasa (pale batu banalipia) na stoki ya depo moja ya vinywaji, karibu mwaka sasa. Shida yetu iko ku mesaji za komiti, yaani maneno unaandika kila mara unahifadhi mabadiliko ya kodi (maandishi ya programu) mu Git, chombo chenye kinachunga historia yake. Mi naandikaka "modif" ao "modif 2", mwenzangu mumoja anaandikaka Kiingereza ya kuokota-okota, na wa tatu anaweka Kifaransa ndefu kama barua ya kuomba kazi. Tulikuwa tunacheka tu mpaka wiki iliyopita.

Nilikuta mu kodi mustari mumoja wenye kusukuma bei juu ao chini mpaka inaangukia ku mia ya franka. Kwa macho yangu ilikuwa kosa, ju bei ya dola ukiigeuza inapaswa kutoka vile iko, nikaufuta, nikaandika "korekshon", nikaenda kulala. Asubui mama wa kasa anapiga simu, eti masini inamuambia arudishie mutu franka 37, atazitosha wapi? Kumbe haikuwa kosa. Nikafanya git blame nione nani aliuweka ule mustari na ju ya nini. Jibu: mimi mwenyewe, miezi munane nyuma, mesaji "modif".

Sasa munaandikaka namna gani? Luga gani? Ile ya kuweka feat na fix mbele ni lazima? Musiniambie tu "andika vizuri", ile najua. Alafu hapa kuranti inakatika ovyo, mara mingi nafanya komiti mbio-mbio mbele masini izime, njo maana mesaji inakuwaka ya haraka.

bordero_bkv (Bukavu)
Hhh pole ndugu, ile ya kujikuta mu blame inatupataka wote.

Muzee wangu alikuwa anapakiza mizigo ku bato za Bukavu-Goma, donki nitakuambia na maneno ya ku bandari. Bordero (karatasi ya orodha ya mizigo) ikiandikwa "vitu mbalimbali" bato inafika tu salama, hakuna mutu atalia. Kilio inaanzaka siku karto moja inakosekana. "Modif" yako ni vitu mbalimbali.

Mustari wa kwanza uwe mufupi, batu banasemaka herufi 50, si sheria, Git haitakukatalia ukifika 60, lakini ukipitisha sana git log --oneline (orodha ya komiti, mustari mumoja kwa kila moja) inakuwa fujo na GitHub (tovuti ya kuweka kodi) inakukatia neno njiani. Kisha acha mustari mutupu, na huo usiusahau, ju Git inajuaka kichwa imeishia wapi kwa ule utupu tu, bila huo inashona kichwa na maelezo pamoja. Kisha njo maelezo, unavunja mistari ku herufi 72. Ile 72 haikuota: terminali ya zamani ina nafasi 80, git log inasukuma maandishi ndani nafasi 4, ukiacha 4 zingine ngambo ya pili unabaki na 72.

Ndani ya maelezo usirudilie kile kodi inasema. Diff (mistari yenye imebadilika) inaonyesha ulifuta mustari gani. Yenye diff haionyeshi ni yule mama wa kasa. Mi ningeandika hivi:

Sawazisha bei ku 100 FC ya karibu

Kasa haina noti ndogo za kurudishia mukiliya. Bei ya
dola ikigeuzwa inaacha mabaki kama 37 FC.
Tunasawazisha bei ya mwisho tu, hesabu ya stoki
inabaki kamili.

Uone lile neno la stoki pale chini, njo lenye samani kuliko yote. Kuna siku mutu atauliza mbona kasa na stoki hazipatani, na hautakuwa na haja ya kukumbuka.

Na kitenzi andika kama unaamuru: sawazisha, ongeza, futa, hapana "nilisawazisha". Git yenyewe inaandikaka vile, ukifanya revert (kutangua komiti) mesaji yake inaanza na Revert, ukiunganisha matawi (njia mbili za kazi) inaandika Merge.

fundi_katuba (Lubumbashi)
Minakubali nusu. Bordero ya muzuri haisaidie kintu kama mu karto moja uliweka samaki, misumari na robe ya bibi arusi. Mesaji ni mubaya ju komiti yenyewe inabeba byote. Ukikosa kichwa ya maneno sita, ao ukiona unaandika "na... na... tena...", ujue ni komiti tatu zilivaa shati moja. Tumia git add -p, inakuuliza kipande kwa kipande, hii niweke, hii niache, hata kama byote biko mu fishie moja.

Utaona faida siku ya git bisect, yenye inatafuta komiti gani ilileta kosa. Unamuonyesha komiti yenye ilikuwa inatembea na yenye imeharibika, yeye anakata katikati, unajaribu, unamuambia good ao bad, anakata tena. Komiti 1000 unazimaliza na majaribio kama 10 hivi. Sasa ikikuangushia ku komiti yenye ilibadilisha fishie 40 na jina "modif", umerudi pale ulitokea.

Ile ya feat na fix banaita Conventional Commits, mizizi yake ni ku batu ba Angular, chombo cha kutengeneza programu za wavuti. Iko na maana kama masini njo itasoma: kuna vyombo binaangalia zile alama na kutosha namba ya vershon, fix inapandisha namba ya mwisho, feat ya katikati. Ninyi bantu batatu na depo ya bia, aah. Niliisha ona "fix: modif". Ni modif yenye kuvaa kravati.

dev_himbi (Goma)
😂😂 kravati. Sawa, na kuranti je? Na zile modif zangu za mwaka muzima naweza kuzisafisha?

bordero_bkv (Bukavu)
Komiti haiombe koneksio wala mega, inabaki mu masini yako mpaka usukume (push), yaani uitume ku seva. Donki kuranti ikianza kuyumba andika hata "nusu" na usione haya, ile ni ya kwako. Kabla ya kusukuma njo unakaa, unafanya git rebase -i, zile vipande unazikusanya kuwa moja na squash, jina mubaya unabadilisha na reword. Kama ni ya mwisho tu, git commit --amend inatosha.

Lakini zenye umeisha sukuma ku tawi lenye benzako banatumikia, usiziguse kabisa. Amend haifute maandishi na kuandika palepale, inatengeneza komiti ingine na namba yake ingine, ukilazimisha push benzako banabaki na historia yao, wewe na yako, na siku nzima inaishia mu kugombana. Acha zile modif zilale. Kama kuna mustari mwingine wa ajabu mu kodi na bado unakumbuka sababu yake, weka komenteri pembeni yake leo, mu komiti mupya.

dada_terminali (Goma)
Banaume munaongea, ju ya luga hakuna mwenye amejibu.

Angalieni nani atasoma saa tano ya usiku wakati kasa imekwama. Kama ni ninyi batatu na hakuna mugeni, Kiswahili inatosha, wala musione ni ya kijinga. Sisi tulichagua Kifaransa ju mukiliya ana informatisie wake naye anasomaka log. Chenye kilitutesa zaidi ya luga ni majina ya vitu. Mumoja anaandika "fakture", mwingine "invoice", mwingine "risiti", kitu ni kile kimoja, siku natafuta na git log --grep=fakture napata nusu ya kazi na nadhani ndiyo yote. Tukakaa tukaandika maneno kumi na tano ku karatasi, tukaibandika ku ukuta wa biro, neno moja kwa kitu kimoja.

Alafu achaneni na -m (ile ya kuandika mesaji palepale ku komandi), yeye njo mama ya modif. Ukiandika git commit peke yake inakufungulia ukurasa, na ukiisha kuweka commit.template ndani unakuta swali lako linakungojea, ya kwetu inauliza tu "ju ya nini?". Mwenye kuogopa vim, editeri ngumu ya kuandikia, aweke core.editor nano.

fundi_katuba (Lubumbashi)
Dada, usibanie sana. Linus Torvalds, mwenye alianzisha Git na Linux, mu komiti yake ya kwanza ya Git, Aprili 2005, aliandika kwamba Git ni meneja wa habari yenye imetoka jehanamu.

dada_terminali (Goma)
Ya kwanza tu. Muulize vile anagombezaka batu ba Linux kama wanaleta merge bila kusema sababu.

dev_himbi (Goma)
Asanteni kabisa. Nimerudisha mustari na git revert, na mu maelezo nikaweka mambo ya noti pamoja na ile ya stoki. Tumepiga kura, Kiswahili imepita mbili kwa moja, yule wa barua za kazi amekasirika kidogo. Tayari tunabishana kama franka ya Kongo tuiandike FC ao CDF ku ile karatasi ya maneno. Na mama wa kasa ananiuliza zile 37 za mukiliya nani atazilipa.