Haki za binadamu zinamfaa nini mwanafunzi asiye na wakili?

Mwanafunzi wa kidato cha sita, Mbale

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Muhula huu nimechaguliwa kuzungumza katika mdahalo wa shule yetu, upande unaotetea kwamba haki za msingi za binadamu zina umuhimu katika maisha ya kila siku ya mwanafunzi wa Uganda. Nimeisoma Sura ya Nne ya Katiba ya mwaka 1995 yote, na ibara nyingi ninazikumbuka kwa namba. Hata hivyo, nimegundua kwamba kutaja namba za ibara hakumshawishi mtu ambaye hajawahi kuona ibara hizo zikimsaidia yeyote anayemfahamu.

Wenzetu wa upande wa pili wanasema kwamba mwenye njaa anahitaji chakula kabla ya uhuru wa kusema, na kwamba haki hizi ni mawazo ya kigeni tuliyoletewa na wakoloni. Hayo nadhani ninaweza kuyajibu kwa kiasi fulani. Linalonisumbua ni jambo jingine. Mwenzetu mmoja, kijana mwenye bidii kuliko wengi wetu, alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo katikati ya muhula, na siku hiyo hakuna mtu hata mmoja, mimi nikiwamo, aliyetaja ibara ya 30 inayosema kwamba watu wote wana haki ya kupata elimu. Sasa naomba mnieleze, kwa mifano ya kweli: haki inamfanyia nini mwanafunzi wa kawaida ambaye hana fedha, hana wakili na hana jamaa serikalini?

Mwanafunzi wa sheria, Kampala

Mdogo wangu, swali lako ni zuri kuliko mada mliyopewa, na ningekushauri ulianze na ibara ya 20, ambayo wanafunzi wengi huiruka kwa sababu haitaji haki yoyote mahususi. Ibara hiyo inasema kwamba haki na uhuru wa msingi wa mtu ni vya asili na havitolewi na dola. Maana yake ni kwamba ofisa yeyote unayesimama mbele yake, awe mkuu wa shule, mkuu wa kituo cha polisi au waziri, hakupi hisani anapoiheshimu haki yako, na kwa hiyo hana mamlaka ya kuiondoa kwa sababu amekasirika au kwa sababu hukumshukuru.

Jambo hilo hubadilisha nani anayepaswa kujieleza. Pasipo haki, mnyonge ndiye anayelazimika kueleza kwa nini ahurumiwe. Haki ikiwapo, mwenye nguvu ndiye anayetakiwa kueleza kwa nini ametenda alivyotenda. Tazama ibara ya 23, inayotaka mtu aliyekamatwa kwa tuhuma za kosa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48 ikiwa hajaachiliwa kabla ya hapo. Dada wa kijana wa bodaboda aliyekamatwa hahitaji shahada ya sheria ili aende kituoni na kuuliza ndugu yake amekaa humo tangu saa ngapi. Sisemi kwamba atajibiwa vizuri kila mara, maana sote tunajua kwamba muda huo huvunjwa. Lakini Katiba imemwekea swali ambalo jibu lake linapimwa kwa saa, na hakimu anaweza kulirudia swali hilohilo baadaye.

Kwa mwanafunzi, ibara iliyo karibu zaidi ni ya 42, inayompa kila mtu anayefika mbele ya ofisa au chombo cha utawala haki ya kutendewa kwa uadilifu, na haki ya kwenda mahakamani kupinga uamuzi uliotolewa dhidi yake. Kamati ya nidhamu inayomfukuza mwanafunzi bila kumwambia kosa lake na bila kumsikiliza inagongana moja kwa moja na ibara hiyo.

Kuhusu kukosa wakili, ibara ya 50 inaruhusu mtu mwingine au shirika kufungua shauri kwa niaba ya aliyevunjiwa haki, kwa hiyo mnyonge si lazima asimame peke yake. Ipo pia Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, iliyoanzishwa na Katiba hiyohiyo, ambayo hupokea malalamiko bila malipo, ina ofisi za mikoani, na ina uwezo wa kuamuru mtu aachiliwe au alipwe fidia. Na tangu sheria ya utekelezaji wa haki za binadamu ya mwaka 2019, mtumishi wa umma anayevunja haki ya mtu anaweza kuwajibishwa yeye binafsi, hata kama serikali nayo inashtakiwa.

Mfano mmoja ulio mkubwa ni wa Susan Kigula. Yeye na wafungwa wenzake 417 waliohukumiwa kifo, watu ambao kwa hesabu ya kawaida hawakuwa na nguvu yoyote iliyobaki, waliishtaki serikali. Mwezi Januari 2009 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria inayomlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo pasipo kupima mazingira ya kosa inapingana na Katiba, na kwamba mtu aliyekaa zaidi ya miaka mitatu akisubiri kunyongwa baada ya rufaa yake ya mwisho adhabu yake igeuzwe kuwa kifungo cha maisha. Kigula alisomea sheria akiwa ndani ya gereza la Luzira, na mwaka 2016 alitoka huru. Nadhani hakuna mwanafunzi katika ukumbi wenu aliye mnyonge kuliko mtu anayesubiri kamba.

Mstaafu, Jinja

Mwanangu, mwambie mwenzako anayesema kwamba haki ni mawazo ya kigeni kwamba Novemba 1953 gavana Mwingereza, Andrew Cohen, alimkamata Kabaka Mutesa wa Pili, mfalme wa Buganda, na kumsafirisha hadi Uingereza bila kumfikisha mbele ya mahakama yoyote. Waganda waliodai arudishwe, hadi akarudi mwaka 1955, walikuwa wakimdai mkoloni jambo ambalo mkoloni mwenyewe alikuwa ameliunga mkono kwa kura miaka mitano kabla, tarehe 10 Desemba 1948, Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipopitishwa. Ethiopia, Misri na Liberia zililipigia kura ya ndiyo. Afrika Kusini, iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza kuujenga ubaguzi wa rangi kwa sheria, ilijizuia kupiga kura. Basi awaulize waliojizuia walikuwa wakiogopa nini.

Lakini somo kubwa zaidi tulilipata hapa nyumbani, kutoka kwa watawala wetu wenyewe. Nilikuwa mwanafunzi mwaka 1972. Mwezi Agosti mwaka huo Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini, na hapa Jinja, mji uliokuwa na familia nyingi za Kihindi, maduka yalifungwa na madarasa yakapoteza walimu na wanafunzi, hata waliozaliwa hapa na kulelewa hapa. Mwezi uliofuata Jaji Mkuu, Benedicto Kiwanuka, ambaye kabla ya uhuru alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi hii, aliamuru Mwingereza mmoja aliyeshikiliwa na wanajeshi aachiliwe, kwa sababu hapakuwa na msingi wa kisheria wa kumzuia. Tarehe 21 Septemba watu wenye silaha walimchukua jaji huyo mchana, kutoka katika jengo la Mahakama Kuu ya Kampala, na hakurudi.

Soma sasa ibara ya 44. Inataja mambo manne ambayo hayawezi kuondolewa kwa hali yoyote: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kusikilizwa kwa haki, na amri ya mahakama ya kumtaka anayemshikilia mtu amlete mbele yake. Hilo la nne ndilo ambalo Kiwanuka alilitumia, na ndilo lililomgharimu maisha yake. Kabla Katiba haijapitishwa ilikuwapo tume iliyoongozwa na Jaji Arthur Oder, iliyofanya kazi tangu 1986 hadi 1994 kuchunguza uvunjaji wa haki tangu uhuru, na ambayo watu waliketi mbele yake kueleza waliyotendewa wao na jamaa zao. Kijana anayedhani kwamba ibara hizo zilinakiliwa kutoka katika kitabu cha Ulaya hajui ni nani waliozilipia kwa maisha yao.

Mwalimu wa sekondari, Lira

Ninaheshimu yote yaliyosemwa, ila mwanafunzi huyu ataulizwa habari ya chakula, na hapo asijibu kwa maneno matupu. Namletea mfano unaohusu shule zetu.

Katika miaka ya 1991 hadi 1995 serikali ilikuwa ikitoa ruzuku kwa shule za msingi kulingana na idadi ya wanafunzi, fedha za vitabu, chaki na mahitaji mengine. Watafiti walipofuatilia fedha hizo kutoka wizarani hadi shuleni, walikuta kwamba kwa wastani ni asilimia 13 tu zilizofika. Nyingine ziliishia katika ngazi za wilaya. Walimu wakuu na wazazi hawakulalamika kwa sababu wengi hawakujua kwamba fedha hizo zilikuwa zao. Baadaye serikali ilianza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika kwenye ubao wa matangazo kiasi kilichopokewa. Kufikia mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku ilikuwa ikifika. Mageuzi mengine ya fedha yalichangia pia, na si haki kuyaficha. Hata hivyo mzazi aliyesoma ubaoni kwamba shule imepokea kiasi fulani alikuwa na neno la kusema katika mkutano wa wazazi, na mwaka uliotangulia hakuwa nalo.

Hiyo ni haki ya kupata habari, iliyo katika ibara ya 41, na iligeuka kuwa vitabu na chaki. Anayesema chakula kwanza na haki baadaye ajiulize chakula cha shule hupotelea wapi pale ambapo mtu haruhusiwi kuuliza.

Nina neno pia kwa wanafunzi wenyewe, kwa sababu mara nyingi husikia kwamba haki zimeharibu nidhamu. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yamepiga marufuku adhabu ya viboko shuleni, na wapo walimu wenzangu wanaoona kwamba wamenyang'anywa chombo cha kazi. Mimi sikubaliani nao. Darasa linaloongozwa kwa kiboko hunyamaza, na ukimya huo humzuia mwanafunzi kusema kwamba hajaelewa hesabu, na humzuia zaidi kusema kwamba mtu mzima anamdhuru. Wakati huohuo, ibara ya 43 inasema kwamba mtu akitumia haki yake asidhuru haki za wengine, kwa hiyo mwanafunzi anayepiga kelele bwenini usiku hana ibara ya kujificha nyuma yake.

Mkimbizi, Nakivale

Ndugu yangu wa Mbale, mimi nilizaliwa Kivu Kusini, nchini Kongo, na nimekulia katika makazi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro. Nyumbani kwetu karatasi zote zilibaki nyuma tulipokimbia, na mtu asiye na karatasi huona haraka sana kwamba kila anachopewa kinaweza kuitwa sadaka.

Shule ya msingi niliyosoma haikuwa sadaka. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006, ikifuata Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, inasema kwamba katika elimu ya msingi mkimbizi atendewe sawa na raia. Niliketi dawati moja na watoto wa Kiganda na wa Kinyankole, na mwalimu hakuwa na sababu ya kuniuliza kwa nini nipo. Sekondari ni habari nyingine, kwa sababu hapo sheria haituahidi usawa na raia, na rafiki zangu wengi waliishia darasa la saba. Kwa hiyo naijua tofauti kati ya mahali ambapo haki imeandikwa na mahali ambapo haikuandikwa. Nimeiona kwa idadi ya wenzangu waliobaki darasani.

Mwanafunzi wa kidato cha sita, Mbale

Ninawashukuru sana, mzee wetu wa Jinja na wengine wote. Habari ya ruzuku nitaiweka mwanzoni mwa hotuba yangu, na ya Jaji Mkuu Kiwanuka nitaisoma kwa uangalifu, maana jina lake nilikuwa ninalijua bila kujua alichofanya. Limebaki moja. Yule mwenzetu bado yuko nyumbani. Je, ibara ya 30 inamfutia karo?

Mwanafunzi wa sheria, Kampala

Haimfutii, mdogo wangu, na usiseme hivyo katika mdahalo. Ibara ya 34 inaweka elimu ya msingi ya mtoto kuwa wajibu wa dola na wa wazazi pamoja. Elimu ya msingi bila karo ilianza mwaka 1997, na mpango wa sekondari ukafuata mwaka 2007, lakini mpango huo hauko katika shule zote. Kwanza ulizeni kama shule yenu imo. Ikiwa imo, mzazi wake ana haki ya kuonyeshwa ni malipo gani hasa anayodaiwa, na kama ni ada ya masomo inayolipwa na serikali au ni michango ya chakula na bweni. Ikiwa haimo, bado anaweza kuiandikia bodi ya shule akiomba kulipa kwa awamu huku kijana akiendelea na masomo, na nakala impelekee afisa elimu wa wilaya. Msimwache mzazi aende peke yake kama ataona haya. Mmoja wenu anayeandika vizuri amsaidie kuiandaa barua, iwe na tarehe, na aombe jibu la maandishi kabla mitihani ya muhula haijaanza.