Canter 4D33: mafuta ya chipsi yaliyochujwa, biodizeli ya kupika, au mchanganyiko?

Mzigo_Njombe:
Wakuu, gari ni Canter yenye injini ya 4D33, inabeba viazi kutoka Njombe kwenda Dar. Mafuta yaliyokaangia chipsi yanapatikana, mengi ni ya mawese na machache ni ya alizeti. Naona njia tatu: kuyachuja na kuyatia tenki la pili linalopashwa moto; kuyapika yawe biodizeli na kutumia yenyewe tupu; au kutia biodizeli asilimia 20 kwenye dizeli ya kituoni. Ipi haitaua injini?

FundiPampu:
Ya kwanza achana nayo. Mafuta ya kula kwenye nyuzi 40 ni mazito takriban mara kumi kuliko dizeli. Nozeli inashindwa kuyapuliza kuwa ukungu, inatoa matone. Yasiyoungua yanajenga masizi magumu kwenye ncha za nozeli, ringi zinashika, na yanayoshuka hadi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) yanaifanya oili iwe rojo. 4D33 inapuliza moja kwa moja juu ya pistoni, ndiyo maana inaumia mapema kuliko injini zenye chemba ya awali (kijichumba ambamo mafuta yanaanza kuungua kabla ya kufika kwenye pistoni), mfano 1HZ ya Land Cruiser.

Mfumo wa tenki mbili unafanya kazi iwapo mafuta yanafika nyuzi 70 hadi 80 kabla ya pampu, unawasha kwa dizeli, na unarudi kwenye dizeli dakika chache kabla ya kuzima. Dereva akisahau hilo la mwisho, asubuhi mafuta yameganda kwenye pampu na nozeli. Kwa gari la mizigo lenye madereva wa kupokezana sipendekezi kabisa.

Pipa_la_Chuma:
Naunga mkono kupika, ila kupika kwa kupima. Kwa lita 100:

Pasha mafuta hadi nyuzi 110 mpaka yaache kutoa mapovu, maana maji yakibaki unapata sabuni. Yakipoa, pima asidi. Yeyusha gramu 1 ya kostiki soda kwenye lita 1 ya maji yaliyotoneshwa. Changanya mililita 1 ya mafuta na mililita 10 za spiriti ya isopropili, weka matone ya manjano iliyolowekwa kwenye spiriti hiyohiyo, kisha dondosha maji ya kostiki hadi rangi ya njano igeuke nyekundu na kubaki hivyo. Kila mililita iliyoingia ni gramu 1 ya kostiki ya kuongeza juu ya gramu 5 za msingi kwa kila lita ya mafuta. Zikiingia mililita 3, unahitaji gramu 8 kwa lita, yaani gramu 800 kwa pipa zima. Zikizidi 6 au 7, mafuta hayo yameharibika mno, tafuta mengine.

Yeyusha kostiki ndani ya lita 20 za methanoli (spiriti ya viwandani yenye sumu), kwenye chombo cha plastiki ngumu chenye kifuniko. Pasha mafuta hadi nyuzi 55, ZIMA MOTO, ndipo umimine. Methanoli inachemka karibu na nyuzi 65, moto wake hauonekani mchana, na ikiingia mwilini inapofusha. Fanyia kazi nje, vaa glavu na miwani. Sufuria ya alumini marufuku: kostiki inaila na kutoa haidrojeni.

Zungusha kwa pampu saa moja hadi mbili, acha itulie usiku kucha, toa gliserini chini. Kisha jaribio ambalo watu wanaliruka: mililita 3 za biodizeli ndani ya mililita 27 za methanoli, tikisa. Kitu kikizama chini, hayo ni mafuta ambayo hayajageuka, rudia kupika.

Osha kwa maji ya kunyunyizia taratibu. Ukikoroga kwa nguvu sabuni iliyobaki inafanya rojo jeupe lisilotengana. Rudia hadi maji yatoke safi. Kausha kwa nyuzi 50 ukiizungusha pipa likiwa wazi, hadi uweze kusoma gazeti kupitia chupa yake.

Hesabu_Kwanza:
Kazi nzuri, lakini methanoli ndiyo inayoamua. Unatumia moja ya tano ya lita kwa kila lita ya biodizeli. Ikiwa lita ya methanoli ni mara tatu ya bei ya dizeli, tayari umekula asilimia 60 ya bei ya lita ya dizeli unayookoa, kabla ya kostiki, umeme na muda. Kumbuka pia lita moja ya biodizeli ina nguvu pungufu kwa takriban asilimia 8. Kati ya lita 20 zinazoingia, 12 hivi ndizo zinazotumika. Nyingi ya zilizobaki zimo kwenye gliserini. Asiyezirudisha kwa kuzivukiza na kuzipoza anazitupa.

Mimi nachagua asilimia 20. Mimina dizeli kwanza, biodizeli juu, maana ni nzito zaidi na itashuka ikijichanganya.

FundiPampu:
Kwa 4D33 nakubali zote mbili, maana pampu yake ya mstari (kila silinda ina kipampu chake, vimepangwa safu moja) inalainishwa na oili ya injini. Pampu ya mzunguko inalainishwa na mafuta yenyewe, maji kidogo tu yanaipa kutu na kuikwamisha. Kamoni reli (injini za kisasa zinazopuliza kwa umeme) yenye chujio la moshi usiipe biodizeli tupu: mafuta ya ziada yanayopulizwa ili kuchoma masizi ya chujio yanashuka kwenye oili na hayavukizi kama dizeli.

Ukitumia tupu, mipira ya mafuta ya zamani italainika na kuvuja. Weka ya Viton (mpira usiolainishwa na biodizeli), pamoja na oringi. Ondoa viungo vya shaba na mabati. Biodizeli inakokota uchafu wa miaka kwenye tenki, kwa hiyo filta ya kwanza itaziba haraka. Dereva awe na mbili za akiba na spana ya kufungulia. Gari likikosa nguvu mlimani, aanze na filta kabla ya kugusa pampu.

Mzigo_Njombe:
Na baridi ya Juni na Julai?

Pipa_la_Chuma:
Hapo mawese ni tatizo. Biodizeli yake inaanza kufanya ukungu (chembe zinazoanza kuganda) kwenye nyuzi 13 hadi 16, na usiku wa Njombe unashuka chini ya hapo. Ya alizeti inavumilia hadi karibu na sifuri. Miezi hiyo pika alizeti peke yake, au shusha biodizeli ya mawese hadi asilimia 10 kwenye dizeli, na ujaze ukiwa Dar ambako mafuta bado ni ya moto. Kila pishi weka chupa moja kwenye friji pamoja na kipimajoto, uone inaganda wapi kabla ya kuitia kwenye gari.