Mkate wa ndizi bila unga wala sukari: oti, lozi, nazi au siagi ya karanga?

Kijiko_cha_Mbao

Habari zenu wakuu. Baba ameambiwa apunguze sukari na unga mweupe, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Na ule mkate wako wa ndizi je?" Hakuuliza chai, hakuuliza soda. Basi wikendi mbili hizi nimeoka mikate minne, yote bila unga wa ngano na bila sukari ya kuongeza, na sasa nimekwama kuchagua.

Wa kwanza wa oti. Nilisaga gramu 200 kwenye blenda, nikaweka ndizi gramu 350 (zilikuwa tatu, nilipima baada ya kumenya), mayai 2, mtindi gramu 100, vijiko viwili vya chai vya beking pauda, mdalasini na chumvi kidogo. Nyuzi 175 kwa dakika 45. Uliumuka vizuri, lakini nilipoukata katikati palikuwa na unato kama uji uliolala. Na utamu wake, kusema kweli, haukuwepo.

Wa pili wa lozi zilizosagwa, gramu 250, na mayai 3, ndizi gramu 300 na beking soda robo tatu ya kijiko cha chai. Huu mtamu! Ila juu ulishika weusi kabla ya katikati kuiva.

Wa tatu wa nazi. Niliweka unga wa nazi gramu 200, kipimo kilekile cha oti. Msinicheke. Nilipata tofali.

Wa nne ni siagi ya karanga, ndizi na mayai basi. Ulitoka oveni umevimba kwa madaha, ulipopoa ukabonyea katikati kama godoro kuukuu.

Mngekuwa ninyi, upi ungekuwa wa kila wiki? Mimi moyo uko kwa lozi.

SautiYaKinu

Dada, swali la kichokozi. Oti ukishaitia kwenye blenda ikasagika, hicho unachomimina kinaitwaje? Kwetu sisi wengine kinaitwa unga.

Kijiko_cha_Mbao

Umenikamata kaka. Tuseme bila unga wa ngano.

Fundi_Oveni

SautiYaKinu anatania, lakini swali lake ni la msingi. "Bila unga" kwa mtu anayepunguza unga mweupe ni jambo moja, na kwa mtu mwenye ugonjwa wa seliaki (utumbo wake hudhurika akila gluteni, ile protini ya ngano) ni jambo jingine kabisa. Kwa baba yako oti iliyosagwa ni sawa tu, ni nafaka nzima na nyuzinyuzi zake zimo. Kwa mwenye seliaki, oti yenyewe haina gluteni ya ngano, lakini mara nyingi huchanganyika na ngano shambani au kiwandani, kwa hiyo lazima itafutwe iliyoandikwa kwamba haina gluteni. Hata hiyo, wapo wachache ambao miili yao huikataa.

Sasa mikate yako. Kwenye mkate wa kawaida gluteni ndiyo wavu unaoshikilia kila kitu. Ukiiondoa, kazi hiyo inabaki kwa yai, na yai halishiki mpaka liive. Ndiyo maana mikate ya namna hii inahitaji subira kuliko moto mkali. Kama una kipimajoto cha jikoni, choma katikati: ukiona nyuzi 93 hadi 96, toa. Kijiti usikiamini sana, kwa sababu kikipita kwenye kipande cha ndizi kitatoka kibichi hata kama mkate umeiva.

Oti: baada ya kuchanganya, acha rojo likae dakika 10 hadi 15 ili oti inywe maji kabla ya kuingia oveni. Na ule unato ninashuku ulikata mkate ungali moto. Kiri.

Lozi: mafuta yake mengi na sukari ya ndizi hufanya juu iwahi kubadilika rangi. Shusha moto hadi 160, na baada ya nusu saa funika juu kwa karatasi ya foili bila kuibana. Utakaa karibu saa nzima, kutegemea oveni yako.

Nazi: unga wake umejaa nyuzinyuzi na hunywa maji kama sifongo. Kwa ndizi gramu 300 weka gramu 60 tu, na mayai 4. Gramu 200 zile ungejengea ukuta.

Siagi ya karanga: tatizo ni chombo. Hiyo haina kitu cha kubeba kimo cha mkate mzima. Mimina kwenye vikombe vidogo vya keki, oka dakika 15 hivi, hutaona bonde.

Kijiko_cha_Mbao

Nakiri. Nilikata baada ya dakika kumi, harufu ilinishinda.

Iliki_na_Mdalasini

Ngojeni kwanza kabla hamjamvika lozi taji. Dada, ndizi za wikendi ya kwanza na ndizi za wikendi ya pili zilikuwa zimeiva sawasawa?

Kijiko_cha_Mbao

Mmh. Za oti zilikuwa za manjano, madoa mawili matatu. Za lozi zilikuwa zilezile zilizobaki, zikakaa wiki nzima zikawa nyeusi.

Iliki_na_Mdalasini

Basi hapo hukulinganisha oti na lozi, ulilinganisha ndizi na ndizi!

Kwenye mkate usio na sukari ya kuongeza, utamu wote unatoka kwa ndizi, hakuna wa kumsaidia. Ndizi mbichi imejaa wanga. Inavyoendelea kuiva, vimeng'enya vilivyo ndani yake huuvunja ule wanga kuwa sukari, mpaka ikifika maganda yote yana madoa meusi, wanga umebaki kidogo sana. Kwa hiyo ndizi tatu za manjano na ndizi tatu nyeusi haziwezi kuleta mkate mmoja hata ukifuata kila kipimo. Mimi sioki mpaka maganda yawe angalau nusu nyeusi, na ndizi ukiishika inakubali kidole. Ikinuka pombe au ikitoa ukungu, hiyo tupa.

Kama ziko tayari na wewe hauko tayari, menya uzigandishe kwenye friza. Zikiyeyuka zitatoa maji ya kahawia. Usiyamwage, yana utamu. Yachemshe kwenye sufuria ndogo yapungue nusu, kisha rudisha kwenye rojo. Ukiyatia yote yalivyo, mkate utakuwa chepechepe, hasa wa lozi, maana lozi hainywi maji kama oti.

Na ile mbinu ya kutia ndizi za manjano kwenye oveni na maganda yake mpaka ziwe nyeusi, nimeijaribu mara nyingi. Zinalainika, ndiyo, na rangi inakuwa ile ile. Utamu haufiki. Joto linaua vile vimeng'enya kabla havijamaliza kazi, na wanga unabaki wanga. Ni kuidanganya macho tu.

Kingine: chumvi usiiogope, nusu kijiko cha chai. Mdalasini, vanila na iliki hazina sukari lakini ulimi unazisoma kama utamu. Mimi huongeza kungumanga kidogo, ila hapo ni kupenda kwangu.

TendeTamu

Mbona mnajitesa? Tia tende sita zilizolowekwa ukasaga, au vijiko viwili vya asali. Vitu vya asili hivyo, si sukari.

Mizani_Nyumbani

TendeTamu, kwa heshima zote, hapo napinga. Asali ni sukari ya kuongeza hata kama imetengenezwa na nyuki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unaweka asali, sharubati na juisi za matunda kundi moja na sukari ya mezani, na unashauri kundi hilo zima lisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na likishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Sukari iliyo ndani ya tunda zima haimo kwenye hesabu hiyo. Tende nzima zina nafuu kwa sababu ya nyuzinyuzi, lakini zaidi ya nusu ya uzito wa tende ni sukari, na kwa mtu aliyeambiwa apunguze, sita si chache. Na asali, kwa vyovyote vile, mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe, hata ikiwa imeokwa.

Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu za mikate miwili ya dada, wa oti na wa lozi, kila mmoja nikiukata vipande kumi. Gramu 100 za ndizi zina sukari kama gramu 12. Kwa hiyo ndizi gramu 350 zinaleta kama gramu 42, gramu 4 na kitu kwa kipande. Mkate wa kawaida unaotiwa sukari gramu 200 unaongeza gramu 20 kwa kila kipande juu ya ile ya ndizi. Hapo umepunguza kweli, hongera.

Lakini baba asidhani ameruhusiwa kumaliza mkate. Ukijumlisha wanga wote, sukari ikiwemo, kipande cha oti kina gramu 21 hivi, cha lozi kama 12. Hapo lozi anaongoza, na kwa mtu wa sukari hilo ni jambo kubwa. Geuza upande wa nishati: kipande cha lozi kinakaribia kalori 190, cha oti kama 130. Lozi nusu ya uzito wake ni mafuta. Ni mafuta mazuri, ila ni mafuta. Kwa hiyo "bora kwa afya" hapa inategemea baba anahangaika na sukari, uzito, au vyote. Oti nayo ina beta-glukani, zile nyuzinyuzi zinazoteleza, ambazo husaidia kushusha kolesteroli.

Kama ana kipimo cha sukari nyumbani, apime saa mbili baada ya kula kipande kimoja cha kila mkate, siku tofauti. Namba zake mwenyewe zitamwambia zaidi ya hesabu zangu.

TendeTamu

Sawa mkuu, nimesalimu amri. Tende mbili basi?

Mizani_Nyumbani

Mbili zipite, ila zihesabiwe.

Asubuhi_Njema

Na sisi tusiokula mayai tufanyeje? Nimejaribu mbegu za kitani zilizosagwa, kijiko kimoja cha chakula kwa maji vijiko vitatu badala ya kila yai, kwenye ule wa lozi. Ulitoka kama tope tamu.

Fundi_Oveni

Kwa lozi haitakubali, wala kwa nazi. Hizo mbili zinaishi kwa yai. Ute wa kitani unashika maji, haugandi kama yai. Jaribu kwa oti, ambayo ina wanga wake wa kushikamana, na uoke kwenye vikombe vidogo. Mkate mzima usiujaribu, utaumia roho.

Alizeti77

Niongeze tahadhari moja ambayo haikuandikwa kwenye mapishi niliyofuata. Mtu mwenye mzio wa karanga na lozi anaweza kutumia siagi ya mbegu za alizeti, inaoka vizuri tu. Nilimwokea mpwa wangu, jioni ukiwa wa kahawia, asubuhi nikaukata ndani KIJANI kama mchicha. Nikautupa wote nikidhani ni ukungu.

Kumbe si ukungu. Mbegu za alizeti zina asidi ya klorojeniki, ikikutana na beking soda, ambayo ni alkali, inabadilika kuwa kijani mkate unapopoa. Haina madhara. Punguza soda au tia maji ya limau kijiko kimoja. Nasikitikia ule mkate mpaka leo.

SautiYaKinu

Mchicha wa ndizi 😂

Iliki_na_Mdalasini

Turudi kwa dada. Rudia oti na lozi, ndizi za fungu moja, siku moja, zote nyeusi. Vinginevyo tunabishana hewani. Na wa karanga soma lebo ya kopo, nyingi zimetiwa sukari tayari, unakuta umejinyima bure.

Kijiko_cha_Mbao

Nimerudi, imechukua siku tisa ndizi kuiva vizuri. Nilizisaga zote bakuli moja, nikagawa kwa mizani, nusu kipimo kila upande kwenye mabati mawili madogo. Oti nililiacha rojo likae robo saa. Lozi nilishusha moto na kufunika. Nikaondoka nyumbani kabisa ili nisikate mapema.

Oti hii si ile ya mwanzo. Unato umeisha, na utamu upo, ule wa taratibu unaokuja ukishameza. Lozi bado ni tajiri zaidi, unalainika mdomoni, lakini pengo nililoliona wiki ile limekuwa dogo sana. Iliki ulikuwa sahihi, nusu ya sifa za lozi zilikuwa za ndizi.

Baba nilimpa vipande viwili bila kumwambia kipi ni kipi. Akala cha oti akasema, "Huu mkate." Akala cha lozi akasema, "Hii keki." Nikamuuliza anataka kipi, akasema mkate ni wa asubuhi na keki ni ya wageni, na kwamba leo yeye ni mgeni. Kipimo cha sukari tumeanza na cha lozi, cha oti ni Jumatano.

Kwa hiyo oti kila wiki, lozi mara moja moja. Vikombe vya karanga navyo vimekubali, dakika 15 kamili, watoto wamevimaliza.

Fundi_Oveni

Safi. Usiuache mezani zaidi ya siku moja au mbili, una maji mengi na hauna sukari ya kuulinda. Ukishapoa kabisa weka kwenye friji, au ukate vipande ugandishe na karatasi katikati, utoe kimoja kimoja ukipashe.

SautiYaKinu

Na lile tofali la nazi, dada?

Kijiko_cha_Mbao

Nililivunja kwa mkono, nikakausha chenga zake kwenye oveni, sasa nanyunyizia juu ya mtindi. Limekuwa tamu kuliko lilivyokuwa mkate.