Mjadala: Bango la duka kwenye jengo la zamani Moshi, kibali cha nini?

Fremu Mpya:
Wakuu salaam. Nimechukua fremu katikati ya mji hapa Moshi, kwenye yale majengo ya zamani ya Wahindi yenye baraza na nguzo. Duka la vifaa vya ushonaji: uzi, vifungo, zipu, mikasi, cherehani mojamoja. Nikaenda kuulizia bango. Nilijua nitapimiwa ukubwa, napewa namba ya malipo, nalipa, yameisha. Dada wa mezani akasema nilete mchoro wa bango, picha ya jengo kwa mbele na barua ya mwenye nyumba, ndipo "wataangalia kama linaendana na mandhari". Mandhari gani? Akasema hili ni eneo la zamani.

Wiki ya 5 hii. Kodi ya fremu nimelipa ya miezi 6, duka halina jina, wateja wananiuliza kama nahamia au nahama.

Swali: ni haki ofisi kunipangia rangi na ukubwa wa bango kwa sababu tu jengo ni la zamani? Tujadili kwa hoja. Na asije mtu kuniambia nitafute fundi wa brashi aniandikie ukutani usiku. Sitaki duka langu liandikwe KALIBU MTEJA.

Mjukuu wa Relini:
Mimi nitakuwa wa kwanza kupigwa mawe. Naunga mkono kibali.

Mji huu wa chini umeletwa na reli. Ilifika kutoka Tanga mwaka 1911, kabla ya hapo Moshi ilikuwa kule juu Old Moshi kwenye boma la Mjerumani. Zile nyumba za maduka zilizofuata ndizo kumbukumbu tuliyonayo. Simama ng'ambo ya barabara uangalie juu ya mabango, usiangalie chini. Utaona ukingo wa plasta uliochongwa, na nyumba nyingine ina mwaka wake kabisa juu. Halafu shusha macho: benna la njano, benna la kijani, boksi la taa, stika ya simu, vyote kwenye ukuta mmoja wa hatua 10. Mtu hawezi kujua hata mlango uko wapi.

Mtu wa Pasua:
Mjukuu, maua ya plasta yanalipa pango? Wenye mji wao wana njaa, wewe unaangalia juu.

Brashi Namba Sita:
Mleta mada, mimi ni fundi wa brashi. Miaka 22 naandika mabango, nimeanza Mbuyuni nikiwa mshika kopo wa marehemu mwalimu wangu.

Hiyo KALIBU unayoicheka nikueleze inavyotokea. Mteja anakuja na karatasi ameandika mwenyewe. Ukimwambia "mama, hapa ni R", anakujibu "nimekulipa uandike, sijakulipa unifundishe". Kuna mmoja alileta GLOSARI. Nikamwambia ni GROSARI. Akasema yeye ndiye mwenye duka na ndivyo anavyoliita. Nikaandika, na iko mpaka leo, na amejenga nyumba kwa hiyo hiyo glosari. Sasa mjinga nani?

Kijenge Juu:
Huku kwetu Arusha ukisema "eneo la hifadhi" watu wanatafuta darubini na kofia. Nyie mnahifadhi duka la vifungo?

Dada wa Kiborloni:
Fundi, pole, lakini mleta mada hajakosea sana. Nimeona kwa macho yangu SALUNI YA KIKIE. Kikie ni nini?

Brashi Namba Sita:
Dada, herufi zilizidi nafasi au brashi iliteleza, hiyo siyo yangu. Mimi napima kabla. Napiga kamba ya chaki, mstari wa juu na wa chini, nahesabu herufi, naanza na ya katikati natoka nje. Anayeanzia kushoto kwa kubahatisha ndiye anayeishia na vijiherufi vimebanana kwenye kona kama abiria wa hiace.

Mpangaji Mstaafu:
Vijana, mnachanganya hifadhi tatu.

Kuna ya wanyama, hiyo waachieni Arusha. Kuna hifadhi ya barabara, yaani ule ukanda wa pembeni. Bango likisimama mle unazungumza na TANROADS, wakala wa barabara kuu, au na TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, kutegemea barabara ni ya nani, na TARURA yenyewe ni ya 2017, kwa hiyo kama una kibali cha kabla ya hapo kiangalie upya. Ya tatu ndiyo ya majengo ya kihistoria. Hiyo iko kwenye Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.

Bango la ukutani ni jambo la halmashauri kwa sheria ndogo zake na Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Kuomba mchoro siyo uonevu. Kukaa na mchoro wiki 5 bila kujibu, hilo ni jambo jingine.

Mtu wa Pasua:
Shikamoo mzee. Kwa hiyo jengo likifika miaka 100 linakuwa mali ya kale?

Mpangaji Mstaafu:
Marahaba. Hapana, hiyo ya miaka 100 watu wanaikopa kwingine. Sheria yetu inataja 1863. Kilichojengwa kabla ya mwaka huo kinalindwa moja kwa moja. Kilichojengwa baada, mpaka waziri akitangaze kwenye Gazeti la Serikali.

Mtu wa Pasua:
Subiri. Reli 1911. Mji umekuja baada ya reli. Kwa hiyo katikati ya Moshi HAKUNA nyumba hata moja inayolindwa yenyewe tu kwa umri wake?

Mpangaji Mstaafu:
Hesabu yako ni sahihi.

Mtu wa Pasua:
Basi mwenye nyumba akiomba vizuri kibali cha ujenzi, anabomoa lote anapandisha ghorofa 6 za vioo. Ila mpangaji akiandika VIFUNGO JUMLA NA REJAREJA anaharibu historia. Nimeelewa.

Mama Kahawa:
Niulize na mimi jambo moja. Nina mgahawa mtaa wa nyuma, jengo ni la zamani vilevile. Mwaka juzi walikuja vijana wa kampuni ya vinywaji na ngazi na ndoo. Ukuta wote wameupaka nyekundu siku moja, bure, nembo yao katikati, jina langu kona ya chini dogo kama sahihi ya daktari. Hakuna aliyeniomba mchoro wala picha ya mbele. Hao kibali wanakichukua wapi, na kwa nini chao hakikai wiki 5?

Dada wa Kiborloni:
Mama Kahawa umeniletea kitu kingine kabisa kichwani. Hivi kwa nini migahawa ya Moshi inaandikwa HOTELI? Hoteli haina hata kitanda!

Kijenge Juu:
😂😂 Hili nalo

Mjukuu wa Relini:
Dada, hoteli kwa Kiswahili ni pa kula. Pa kulala ni gesti. Mtalii ndiye aliyekuja kuwachanganya.

Dada wa Kiborloni:
Mtalii ndiye anayeleta hela, mangi. Akiingia na begi lake akauliza chumba akaletewa ndizi na mtori, mnamwambia nini?

Brashi Namba Sita:
Anakula, anashiba, anauliza gesti iko wapi. Nimeandika HOTELI zaidi ya 40 na hakuna aliyerudi kulalamika.

Mtu wa Pasua:
Mtori ukiwa wa moto hata kitanda unakisahau.

Kijenge Juu:
Ngoja niwaambie ukweli watu wa Moshi. Tatizo lenu mnapenda usafi mpaka mnazidisha. Ukidondosha ganda la ndizi faini, sasa na maandishi faini. Huku jijini biashara inapumua. Rais Clinton wa Marekani alipokuja 2000 alituita Geneva ya Afrika, hakuuliza habari za benna.

Mjukuu wa Relini:
Alikuja kwenye mazungumzo ya amani ya Burundi akafikia pale mikutanoni. Angeshushwa Soko la Kilombero saa 11 jioni angesema Geneva?

Kijenge Juu:
Tuna Mnara wa Saa unaosemwa uko katikati kabisa ya Cairo na Cape Town. Nyie mna nini?

Mjukuu wa Relini:
Tuna mlima. Na hiyo katikati mlipima kwa futi kamba ya nani?

Kijenge Juu:
Mlima ni wa taifa. Na boma letu ni la 1900, limesimama, ni makumbusho watu wanalipa kiingilio. Stesheni yenu ya 1911 mliiacha imekaa na popo miaka mingapi?

Mjukuu wa Relini:
Treni ya abiria imerudi Moshi Desemba 2019. Arusha mmeipata 2020, baada yetu. Kaa chini.

Fremu Mpya:
Jamani. Bango langu.

Mama Kahawa:
Hata mimi swali langu mmelipita kama basi la Dar linavyopita Himo.

Mjukuu wa Relini:
Mleta mada, nirudi kwako basi. Angalia Zanzibar. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985, na 2000 UNESCO wakauingiza kwenye urithi wa dunia. Pale huwezi kuamka asubuhi ukapigilia boksi la taa kwenye ukuta. Na biashara inaenda, tena kuliko sisi.

Mtu wa Pasua:
Na Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la huko huko Mji Mkongwe? Desemba 25, 2020, upande mzima chini. Mabango yalikuwa yanaendana na mandhari?

Mjukuu wa Relini:
Hiyo ni kejeli. Kuna watu walikufa pale.

Mtu wa Pasua:
Najua, na siwacheki. Nasema ofisi inakimbilia kitu inachokiona kutoka dirishani. Bango linaonekana. Boriti iliyooza haionekani. Fremu niliyopanga mimi kabla sijahamia Pasua, paa lilikuwa linavuja kwenye mashelfu kila masika, nimeandika barua mbili kwa mwenye nyumba na moja ofisini. Hawakuja. Nilipobandika karatasi mlangoni ya TUMEHAMA, wakaja kuuliza ada ya tangazo. Karatasi ya daftari, mangi! Naapa.

Brashi Namba Sita:
Hapo Pasua kaongea. Na niongeze la kiufundi, maana mnadharau.

Kuta zile za zamani plasta yake ina chokaa, siyo saruji tupu. Ukigonga mlango wa fremu ya hivyo vumbi jeupe linashuka. Sasa kijana wa benna anakuja na drili, anatoboa matundu 8, anaingiza bolti, anavuta benna kama ngoma. Mvua ya masika inapita kwenye matundu, bolti inapata kutu, plasta inavimba, baada ya miaka kadhaa inashuka na lile ua lake. Nimeona kwa macho yangu kipande cha ukingo kimeanguka kwenye baraza, kina tundu la bolti katikati. Rangi ya brashi haitoboi kitu. Siku ukihama, anayekuja anapaka juu yake.

Na benna lenyewe, jua la hapa likilichapa mwaka mmoja nyekundu imekuwa pinki.

Dada wa Kiborloni:
Fundi hapo unavutia upande wako 😄

Brashi Namba Sita:
Navutia, ndiyo. Tangu mashine za kuchapa ziingie, kazi 5 kwa wiki zimekuwa moja. Lakini tundu la bolti sikulichora mimi.

Mpangaji Mstaafu:
Hoja ya fundi ni nzito kuliko anavyofikiri. Enzi zangu mezani, tulikuwa tunagombania rangi na ukubwa. Sikumbuki hata mara moja tuliuliza "utalifungaje?" Na lilikuwa swali la kwanza kuuliza.

Mama Kahawa, samahani kuchelewa kukujibu. Kampuni kubwa huwa na mtu wake wa kushughulikia vibali, anakuja na faili limejaa, mabango mia kwa mkupuo, na hundi. Dada wa mezani hana cha kurudisha. Wewe unakuja na karatasi moja, inakosa barua ya mwenye nyumba, inawekwa pembeni. Wakati mwingine ni hilo tu. Wakati mwingine hawakuomba kabisa na hakuna aliyewauliza.

Mama Kahawa:
Kwa hiyo nikitaka kuufuta huo wekundu niandike jina langu kubwa, mimi ndiye nitakayeombwa mchoro?

Mpangaji Mstaafu:
Naogopa ni hivyo, mama.

Mtu wa Pasua:
😂 Nchi hii

Mjukuu wa Relini:
Mimi bado nasema kibali kiwepo. Ila kiwe na siku. Siku 14 hawajajibu, weka bango lako.

Kijenge Juu:
Moshi mnahitaji siku 14 kukubaliana na herufi. Arusha tungekuwa tumeshauza duka.

Dada wa Kiborloni:
Arusha mngekuwa mmeshaibiwa duka.

Fremu Mpya:
Haya, taarifa. Leo nimekwenda tena ofisini. Barua ya mwenye nyumba ndiyo iliyokuwa inakosekana, hakuna aliyenipigia kuniambia. Nimeipeleka. Wamesema njoo Jumatano.

Fundi wa brashi, nilikukosea, nilikuwa na hasira na nikakushushia wewe. Samahani. Kuandika ukutani juu ya mlango, herufi za urefu wa futi moja, unatoza shilingi ngapi?

Brashi Namba Sita:
Yameisha, mangi. Natoza kwa herufi. Jina ni lipi?

Fremu Mpya:
UZI NA VIFUNGO.

Brashi Namba Sita:
12. Nafasi sikutozi. Rangi unanunua wewe, ya mafuta, na ya kutangulia chini kwa sababu ukuta ule unakunywa. Kibali kikitoka nipigie, usiku siandiki.

Dada wa Kiborloni:
Na muongezee chini KARIBU MTEJA, kwa R.

Brashi Namba Sita:
Hizo ni herufi 11 nyingine, dada. Unalipa wewe?